Nilivyochagua mbegu ya mchicha kwa lishe, si kwa rangi

Ukipita Soko la Kongowea, Mombasa, asubuhi utawasikia wauzaji wakiunadi mchicha mwekundu: "Huu waongeza damu, mama!" Wateja wanaamini, na fungu lake linatoka haraka kuliko la kijani. Lakini wekundu ule haumaanishi madini ya chuma. Unatokana na rangi ya kundi la betasyanini, ndiyo hiyo hiyo inayopatikana kwenye bitiruti. Mche wa kijani mtupu ulioota kando yake unaweza kuwa na chuma kingi zaidi. Na karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, nayo haionekani, kwa kuwa ukijani wa jani umeifunika.

Mimi nalima mboga Mwakirunge, upande wa Kisauni. Wifi yangu alipokuwa mjamzito, kliniki walimwambia damu yake iko chini, wakampa vidonge na kumhimiza ale mboga za majani. Mboga aliyokula ilikuwa mchicha wangu. Tangu hapo nilitaka kujua nampa nini hasa. Jedwali za lishe zinasema gramu 100 za majani mabichi ya mchicha zina takriban miligramu 215 za kalsiamu, miligramu 2.3 za chuma na miligramu 43 za vitamini C. Huo ni wastani tu. Mchicha una spishi nyingi, na hata ndani ya spishi moja miche hutofautiana sana. Wazalishaji wa mbegu wanaitegemea tofauti hiyo: kama miche yote ingekuwa sawa, kusingekuwa na cha kuchagua. Viazi vitamu vya rangi ya chungwa vilianzia hapo hapo, na wanasayansi wanne, akiwemo Robert Mwanga wa Uganda, walipata Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 2016 kwa kazi ya kuongeza lishe ndani ya mazao yenyewe. Nilipoisoma habari hiyo nilijiambia, basi hata mchicha unawezekana.

Nilianza kwa kukusanya mbegu. Nyingine niliziomba kwa majirani, nyingine zilitoka kwa jamaa wa Likoni na Kilifi, na nyingine ni za duka la pembejeo. Bibi mmoja wa Kigiriama alinipa mbegu nyeusi zinazong'aa, amezifunga kwenye kitambaa. "Mjukuu wangu, huu uchume tu, utachoka wewe kabla yake," akaniambia. Alisema kweli. Mchicha ukishatoa maua, majani yake huwa madogo na magumu, kwa hiyo mche unaochelewa kuchanua unachumwa kwa muda mrefu. Sifa hiyo niliipa uzito sawa na lishe, kwa sababu mkulima hatapanda mboga yenye chuma kingi ikiwa anaichuma mara moja na imekwisha.

Kazi kubwa ilikuwa kutenganisha kinachotoka kwenye mbegu na kinachotoka kwenye udongo. Tukichukua majani ya shamba langu na ya shamba la Mtongwe tukayapima, tofauti tutaipata, lakini hatutajua ni ya nani. Udongo wenye chokaa ya matumbawe, kama ulivyo mwingi karibu na ufuo wetu, hukifunga chuma mizizi isikipate. Umri wa jani nao una neno lake: jani kuukuu huwa na kalsiamu nyingi kuliko jani changa, na oksaleti, kemikali ya mmea inayoifunga kalsiamu mwili usiipate, hujirundika humo pia. Basi nilipanda aina zote kwenye tuta moja, siku moja, kwa mbolea moja ya kuku iliyooza vizuri, na kila aina nikairudia sehemu kadhaa za tuta ili upande wenye rutuba usipendelee aina moja. Tulichuma majani ya kimo kimoja kwenye mche, saa ile ile.

Mpwa wangu anayesomea kilimo chuoni ndiye aliyepeleka sampuli maabara. Alinisisitizia jambo ambalo nataka kila mtu alijue: majani yaoshwe mpaka yatakate. Vumbi la udongo lina chuma, na jani lenye vumbi litaonekana tajiri wakati utajiri wenyewe ni tope. Kisha yakaushwe kabla ya kulinganishwa, maana mche ulionyweshwa sana hujaa maji, na ukiupima mbichi utaonekana maskini kuliko ulivyo.

Kupima kila mche ni ghali, na sikuwa na fedha hizo. Nilichuja kwanza kwa jicho na kwa ulimi: nikaondoa iliyochanua mapema, iliyoliwa na wadudu na iliyokuwa chungu. Aina chache tu zilizobaki ndizo zilizopimwa, mara ya kwanza wakati wa masika, kisha vuli. Kurudia huku ndiko kulikonifundisha zaidi. Kwa kalsiamu, aina zilizoongoza masika ziliongoza na vuli. Kwa chuma, mpangilio ulivurugika. Aina mbili tu zilibaki juu misimu yote. Nilizishika hizo mbili. Sifa inayoruka ruka na msimu haijanishawishi kwamba imo ndani ya mbegu, hata namba yake iwe kubwa vipi.

Moja ya hizo mbili ilikuwa ya yule bibi, ya kijani kabisa. Mpwa wangu aliitambua kuwa Amaranthus dubius, spishi yenye kromosomu (nyuzi za ndani ya seli zinazobeba sifa za kurithi) 64, wakati michicha mingine huwa na 32 au 34. Kwa mzalishaji wa mbegu tofauti hiyo ina manufaa yake: ukichanganyikana na michicha ya jamii nyingine, uzao mara nyingi huwa tasa, kwa hiyo mbegu haichafuki kirahisi. Ile nyingine ilikuwa Amaranthus cruentus, na hiyo ilihitaji ulinzi. Mchicha una maua ya kiume na ya kike kwenye mche mmoja na hujichavusha sehemu kubwa, lakini upepo nao hubeba chavua, na kwetu pwani upepo haulali. Nilivika vichwa vya maua vifuko vya karatasi ya kaki kabla havijafunguka, nikavifunga chini kwa uzi. Miche ya mchicha wa miiba iliyoota pembeni niliing'oa yote.

Kila msimu nilichagua miche iliyochelewa kuchanua na yenye majani mapana ndani ya kila aina, nikaweka mbegu zake kando, nikapanda tena. Mbegu ni ndogo mno, mche mmoja uliostawi unakupa maelfu kwa maelfu, kwa hiyo huhitaji miche mingi kupata mbegu ya kutosha. Unachohitaji ni kukataa miche mingi mizuri ya sura.

Hata mbegu bora inaweza kupotezwa jikoni. Oksaleti huifunga kalsiamu, ndiyo maana aina yenye kalsiamu na oksaleti nyingi kwa pamoja sikuichukua. Kuchemsha na kumwaga maji hupunguza oksaleti, ila vitamini C huenda na maji hayo. Nyumbani nachemsha kidogo, namwaga, kisha naunga kwa tui la nazi, maana karotini inahitaji mafuta ili mwili uipokee. Ndimu nakamua mezani, kwa sababu vitamini C husaidia chuma cha mboga kuingia mwilini. Chai nimemwomba wifi asinywe pamoja na chakula, maana huzuia chuma hicho.

Aliye na nafasi asianze kutoka sifuri kama mimi. Kituo cha mboga cha dunia kina tawi Arusha ambalo limetoa michicha iliyochaguliwa kitaalamu, Madiira ikiwemo, na benki ya mbegu ya taifa la Kenya iko Muguga. Mimi sasa nagawa mbegu za aina zangu mbili kwa wakulima wa Mwakirunge na Bamburi, kila mmoja kwa sharti moja: apande kipande kando ya mchicha wake wa kawaida, kisha aniletee majani ya zote mbili. Nataka kuona kama zitashika nafasi yake kwenye udongo wa matumbawe.