Kabla ya Kumnunulia Kichezeo Mbwa Anayetafuna Sana

Mbwa wangu hutafuna kwa nguvu, na wengi hudhani kwamba dawa ya mbwa wa aina hiyo ni kitu kigumu kama jiwe. Mimi sikubaliani nao, kwa kuwa pembe na mifupa mikavu huweza kuyapasua magego, na jino lililopasuka huuma hata pale mbwa anapoendelea kula kama kawaida. Kipimo changu ni ukucha wa kidole gumba: usipoacha alama yoyote baada ya kuukandamiza, kichezeo hicho sikinunui. Raba nene inayobonyea kidogo hunifaa zaidi, mradi iwe kubwa kiasi cha kutomezeka. Kamba zilizosokotwa, hata zikipendeza vipi, huziondoa mara nyuzi zinapoanza kuchomoka, kwa sababu uzi uliomezwa huweza kuukunja utumbo na hata kuukata.