Nimepata gari la bei nafuu linalomeza baiskeli nzima

Mwaka mzima nilikuwa nachomoa gurudumu la mbele la baiskeli kila safari ili ienee kwenye gari, mikono imejaa grisi. Nilijaribu kibebeo cha nyuma, kikafunika namba za gari. Nikaanza kutafuta gari jingine kwa kulinganisha ukubwa wa buti kwa lita. Kazi bure: lita hazikwambii umbo.

Kilichosaidia ni futikamba. Baiskeli yangu ina urefu wa sentimita 178, usukani una upana wa sentimita 74, na kiti kikishushwa kimo chake kinafika 101. Nikaenda na vipimo hivyo kwenye magari yaliyotumika, nikilaza siti za nyuma na kusogeza ya abiria mbele kabisa.

Sasa sikiliza hapa: usipime dari, pima uwazi wa mlango wa nyuma. Gari moja lilikuwa na nafasi tele ndani, lakini ukingo wa juu wa mlango ulishuka, usukani ukagota. Magari ya familia yenye mgongo wa boksi, kama Kangoo na Berlingo, mlango wake ni mraba na sakafu iko chini. Nikachukua Kangoo kuukuu. Baiskeli inaingia imesimama, gurudumu la nyuma likitangulia, naifunga mkanda mmoja tu.