Histamini kwenye seli za titi: niulize kwanza imeshika kipokezi gani

Kila nikiandika kitu kuhusu seli za matiti lazima lije swali moja, eti dawa za aleji (zile antihistamini, zinazozuia histamini) zinatibu kansa ya matiti au ndo zinaileta? Na kila anayeuliza ana linki yake, wa kwanza linki inasema histamini inakuza uvimbe, wa pili linki inasema histamini inazuia seli za uvimbe zisigawanyike, na kinachonichekesha ni kwamba hakuna aliyedanganywa hapo. Wote wawili wako sawa. Ngoja niwaeleze kwa nini.

Histamini yenyewe ni kitu kidogo tu, mwili unachukua histidini (moja ya zile amino asidi za kwenye protini), kimeng'enya kinanyofoa kaboni dioksaidi, basi, histamini hiyo hapo. Wengi tunaijua kwa kuwashwa na mafua ya aleji. Ila kazi yote inategemea kipokezi (protini inayopokea ujumbe) itakachokishika juu ya seli, na vipokezi viko vinne, H1 mpaka H4, na havifanani tabia hata kidogo. H1 kikishikwa kinaamsha protini G (tarishi wa kipokezi ndani ya seli) aina ya Gq, ile inaamsha kimeng'enya fosfolipasi C, inatoka molekuli ndogo IP3, IP3 inafungua maghala ya kalsiamu ndani ya seli. H2 chenyewe kinatumia protini G nyingine, Gs, na kupandisha cAMP, molekuli ndogo inayobeba ujumbe ndani ya seli. H3 na H4 vinatumia ya tatu, Gi, vinashusha cAMP. Yaani H2 na H4 vikiwa kwenye seli moja, molekuli ileile inaweza kusukuma cAMP juu na kuivuta chini kwa wakati mmoja, halafu wewe unataka jibu la ndiyo au hapana.

Kuna kitu kingine watu wanakiruka, nacho ndo kikubwa kuliko vyote kwa maoni yangu: dozi. H3 na H4 vinaishika histamini kwa nguvu sana, nanomola chache (kipimo cha wingi wake kwenye majimaji) zinatosha, wakati H1 na H2 kwa kawaida vinataka mikromola, na mikromola 1 ni nanomola 1,000. Sasa kikundi cha watafiti wa Buenos Aires, Argentina, ambacho kwangu ndo kimeifuatilia hii habari kwa uvumilivu kuliko wengine, walichukua seli za MDA-MB-231, seli za kansa ya matiti zinazokuzwa maabara, wakazipa histamini kwa viwango tofauti. Kiwango kidogo seli zikaongezeka, kiwango kikubwa cha mikromola 10 zikapunguza kuzaliana. Seli zilezile! Wakaenda mbele, wakaona ule ukuaji unapitia H3 na ule uzuiaji unapitia H4, tena ukiamsha H4 peke yake seli zinazeeka na nyingine zinajiua, na ukikizuia kwa dawa ya kuzuia H4 ile athari inapungua. Kuna dawa ya maabara inaitwa klobenpropiti, hii inafunga H3 na papo hapo inaamsha H4, kwa hiyo mtu akikwambia "niliweka klobenpropiti" muulize vizuri matokeo yake anayahesabia upande gani.

H1 ndo raha kumuangalia mtu akifanya kwenye darubini. Seli zinawekewa rangi inayong'aa ikikutana na kalsiamu, taa za chumba zinazimwa, tone la histamini linaingia pembeni ya kidishi, sekunde chache zinapita hakuna kitu, halafu seli moja inawaka, jirani yake inafuata, nyingine iliyo katikati yao haishtuki kabisa kama haijasikia, na zile zilizowaka zinafifia halafu baadhi zinaanza kuwaka na kufifia, kuwaka na kufifia. Zote zimetoka chupa moja, zimekunywa chakula kimoja, lakini kila moja na mwitikio wake. H2 haikupi sinema hiyo, kwa njia ya kawaida unazipasua seli baada ya dakika kadhaa unapima cAMP, unapata namba ya wastani ya seli maelfu kwa maelfu na zile tofauti zote zimemezwa humo.

Sasa na hizo seli zenyewe tuziongelee maana hapa watu wanapita haraka mno. MCF-7, seli nyingine za kansa ya matiti, ile maarufu yenye vipokezi vya estrojeni, ilianza kukuzwa 1970 na MDA-MB-231 ikaja miaka michache baadaye, na zote mbili hazikutolewa kwenye titi, zilitoka kwenye majimaji ya kuzunguka mapafu ya wagonjwa ambao kansa ilishasambaa. Halafu kuna HBL-100. Hii ilitumika sana kama seli ya titi "isiyo ya kansa", ilisemwa imetoka kwenye maziwa ya mama mwenye afya, na kwenye stori ya histamini ilitumika sana kulinganisha. Ikaja kuonekana ina vipande vya DNA ya kirusi SV40, na baadaye tena ikaonekana ina kromosomu Y. Kromosomu Y, ile ya wanaume, kwenye seli za maziwa ya mama! Kwa hiyo mi nikifungua makala ya zamani inayolinganisha vipokezi vya seli ya kawaida na ya kansa, naruka utangulizi naenda moja kwa moja kwenye ukurasa wa njia waliyotumia, nikikuta "ya kawaida" ni HBL-100 basi ule ulinganisho nauweka pembeni, japo data za seli ya kansa bado nazisoma.

Na kuhusu simetidini, dawa inayofunga H2, kuna wanaume wameitumia kwa vidonda vya tumbo wakaota matiti, na watu wanarukia kusema "si mnaona, H2 hiyo". Hapana bana. Simetidini inazuia pia kipokezi cha androjeni (homoni za kiume) na inachelewesha ini kuvunja estradioli (aina ya estrojeni), wakati famotidini, dawa nyingine ya vidonda vya tumbo, inafunga H2 kwa nguvu zaidi kuliko simetidini na bado tatizo hilo ni nadra kwake. Ingekuwa ni H2, famotidini ndo ingeongoza.

Tukirudi kwenye vidonge vya aleji, 2020 watafiti wa Lund huko Uswidi waliripoti kwamba wagonjwa wa kansa ya matiti waliokuwa wanatumia loratadini au desloratadini walinusurika zaidi kuliko wasiotumia antihistamini. Ni data za kufuatilia rekodi, hakuna aliyepangiwa dawa kwa bahati nasibu, kwa hiyo usikimbilie kumeza, na kama uko kwenye matibabu ongea na daktari wako wa kansa. Ila angalia kitu: loratadini inafunga H1, ile stori yote ya H3 na H4 ya Argentina haiigusi. 2022 ikatoka kazi nyingine, ya panya na sampuli za wagonjwa, ikionyesha histamini inashika H1 kwenye makrofaji, zile seli za kinga zinazojazana ndani ya uvimbe, zikishikwa zinawalegeza wanajeshi wa kinga, seli za T, wasishambulie uvimbe. Kama loratadini kweli inasaidia basi mi nadhani inafanyia kazi hapo, kwa makrofaji, na kwenye kidishi cha MCF-7 peke yake usingeona kitu kwa sababu makrofaji humo hamna.