Wally Funk amefika angani!

Leo, tarehe 20 Julai 2021, nimetoka kutazama Jeff Bezos, mwanzilishi wa Amazon, akiruka na roketi yake, New Shepard. Dakika kumi na ushee, wakarudi.

Lakini mimi macho yote kwa Wally Funk, mama rubani wa Marekani aliyeruka naye.

Mwaka 1961 alifaulu vipimo vya afya vya wanaanga. Mpango ukafutwa, enzi zile NASA, shirika la anga la Marekani, haikuchukua wanawake.

Amepaa akiwa na miaka 82. Mlango ulipofunguliwa akatoka mikono kaitandaza, anacheka kama binti. Jamani, nimelia.

Halafu nikafungua habari nyingine, furaha ikaniishia.

Ujerumani, bonde la Ahr, bado wanatafuta watu kwenye matope. Waliokufa nchini humo kwa mafuriko ya wiki iliyopita wamepita 160. Na tahadhari zilitolewa siku kadhaa kabla! Setilaiti tunazo, utabiri tunao, ila ujumbe haukumfikia aliyelala kando ya mto. Hilo ndilo linaloniuma.

England nako wameondoa karibu masharti yote ya korona tangu jana, Delta, aina ya kirusi cha korona inayoenea kwa kasi, ikiwa imepamba moto. Mimi naona wameharakisha.

Roketi siionei kijicho. Ila nyie mnaonaje, kipi kingetangulia, roketi au tahadhari kuwafikia watu? Na nani mwingine kamwona Wally akitoka?