Siku moja maishani mwangu: fundi kompyuta, Mtwara mjini

Saa 12 asubuhi naondoka Magomeni na begi mgongoni. Mtaani wanajua kazi yangu ni "kupiga windo", yaani kuweka Windows. Sibishani nao siku hizi.

Saa 2 hadi saa 4: printa iliyomeza karatasi Chikongola, halafu kibodi iliyonyweshwa chai Shangani. Elfu ishirini jumla.

Saa 4 na nusu simu inaita. "Fundi, seva imekufa." Ni ofisi ya mnunuzi wa korosho, na huu ni msimu, hakuna anayesema "njoo kesho". Nikachukua bajaji.

Seva, kompyuta inayotunza mafaili ya ofisi nzima, haikufa. Ilikuwa kwenye kona yake inanguruma, taa za kijani zinapepesa, na kompyuta nne zilikuwa zinafungua mafaili kama kawaida. Ya tano, ya mama mhasibu, ndiyo iliyogoma, na orodha ya malipo anayo yeye.

"Mwanangu, mimi sijagusa kitu."

"Najua, mama."

"Basi ni wewe. Si ulikuja juzi?"

Juzi nilifunga ruta mpya, kifaa kinachounganisha kompyuta na kuzigawia anwani za mtandao, baada ya ile ya zamani kuungua umeme uliporudi. Nikacheka kidogo. Yeye hakucheka.

Nikapiga ping kwa jina la seva, yaani kuiita kwenye mtandao nione kama ipo, ikajibu vizuri kutoka anwani 192.168.1.20. Hapo ndipo nilipopotea. Kinachojibu kipo hai, sasa folda zinakataa nini? Nikahangaika na nywila, nikazima ukuta wa usalama (firewall), nikabadilisha waya, nikawasha upya. Feni ya juu inazungusha joto tu. Mama kavuta kiti, kakaa nyuma ya bega langu, na kila baada ya dakika tano: "Bado?" Saa 7 wenzake wakaenda kula wali samaki. Yeye hakwenda, kwa hiyo na mimi sikwenda.

Sijui ilikuwa saa ngapi nilipoinuka kuisoma anwani kwenye seva yenyewe: 192.168.1.37. Ruta mpya ilikuwa imeipa anwani mpya. Sasa nani anajibu kwa 20? Nikaandika amri ya arp -a, nikapata namba ya kadi ya mtandao ya kifaa chenye 20, nikaanza kuzunguka ofisi nikipindua vifaa. Nyuma ya printa kulikuwa na kibandiko kimejaa vumbi. Nikakifuta kwa kidole: namba ileile. Muda wote huo nilikuwa nasalimiana na printa.

Nikafuta majina na anwani ambazo kompyuta ya mama ilikuwa imezikumbuka, kwa amri ya ipconfig /flushdns. Nikapiga ping tena: 20 ileile! Kompyuta ikishika kitu hivyo baada ya kufuta, kuna mtu amekiandika kwa mkono. Nikafungua faili la hosts, orodha ya majina na anwani zake, ambalo Windows hulisikiliza kabla ya kuuliza mtandao. Mstari wa mwisho: 192.168.1.20, jina la seva, na pembeni alama ya # ikifuatiwa na "usifute". Mwandiko wa kompyuta hauna mwenyewe, lakini "usifute" ile ni yangu. Miaka miwili iliyopita nilikuwa na haraka.

Nikaufuta. Folda zikafunguka. Nikaingia kwenye ruta nikaitengea seva ile 37 isihamehame tena, na printa nikaipa yake.

Jua lilikuwa limeshaegemea Mikindani. Mama akatuma orodha yake, akafungua mkoba. "Shilingi ngapi?"

"Nauli ya bajaji tu, mama."

Akanitazama. "Leo kulikoni?"