Cohen wote si ndugu: nilivyoandaa kadi za chemsha bongo

Nafundisha historia hapa Bukoba, na kila muhula nasimamia chemsha bongo ya kidato cha tatu. Mwaka jana tulikuwa tunasoma habari za Buganda, jinsi Gavana wa Uganda, Andrew Cohen, alivyomhamishia mfalme wao, Kabaka Mutesa II, Uingereza kwa nguvu tarehe 30 Novemba 1953, na jinsi Waganda walivyokataa kutulia mpaka aliporudishwa Oktoba 1955. Binti mmoja wa dawati la mbele akanyoosha mkono: "Mwalimu, huyu ni ndugu yake yule mwimbaji Leonard Cohen?" Kumbe baba yake humsikiliza Leonard kila Jumapili jioni. Sikuwa na jibu. Nikaahidi nitalileta, na zaidi ya hapo, nitalifanya jina Cohen kuwa mada nzima ya chemsha bongo.

Mwenzangu mmoja wa ofisini, mtu mzima ninayemheshimu, akaniambia nisijisumbue. Cohen ni jina la Kiyahudi, akasema, na Wayahudi wenye jina moja ni ukoo mmoja, chora mti tu umemaliza. Akaongeza kwamba jina lolote linaloishia na -berg au -stein ni la Kiyahudi, halihitaji utafiti. Nikamwamini. Mpaka leo nikikumbuka wiki mbili zile nachukia, maana ushauri wote huo ulikuwa wa kupotosha. Alfred Rosenberg alikuwa Mjerumani wa Baltiki na mwandishi mkuu wa itikadi ya Wanazi, akanyongwa Nuremberg mwaka 1946. Sasa huyo naye tungemweka tawi gani?

Basi nikagundisha manila mbili, nikachora mti. Shinani nikamweka Haruni, ndugu yake Musa, kwa kuwa ndiye anayetajwa kuwa babu wa akina Cohen. Matawi nikayajaza kila Cohen niliyempata. Tawi lililonipendeza kuliko yote lilikuwa la Stanley Cohen. Nilimwandikia mistari mingi: amepata Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 1986, amefanya kazi na Herbert Boyer mwaka 1973 kuunganisha vipande vya DNA na kuvipandikiza ndani ya bakteria, amezaliwa Johannesburg, ameandika kuhusu jamii inavyoingiwa na hofu na kuwafanya vijana wa mitaani kuwa mashetani. Nikafurahi sana, nikasema huyu ndiye atakayekuwa swali la mwisho, la pointi kumi.

Usiku mmoja nikawa nasahihisha tarehe za kuzaliwa. Kitabu hiki 1922, kile 1935, kingine 1942. Nikadhani makosa ya uchapaji. Nikaangalia mahali pa kazi: Tennessee, California, London. Mtu mmoja hawezi. Nilikaa kimya mbele ya ile manila mpaka taa ya chemli ikaanza kufifia, umeme ulikuwa umekatika. Walikuwa watu watatu! Stanley wa Brooklyn ndiye mwenye Nobel, kwa kugundua protini zinazochochea chembe za mwili kukua. Stanley wa pili, aliyezaliwa New Jersey, ndiye wa DNA, na alikuwa Chuo Kikuu cha Stanford. Wa tatu ndiye mwanasosholojia wa Johannesburg. Tawi langu zuri lilikuwa matawi matatu, na hakuna lililotoka kwa jingine.

Mti nikauondoa ukutani. Nikakata boksi la biskuti kuwa kadi, na hapo ndipo nilipopata njia yangu, ambayo najivunia: juu ya kadi nilianza na mahali na mwaka wa kuzaliwa, kisha kazi, na jina nikaliandika mwisho kabisa, chini, kwa penseli. Ukianza na jina, macho yanaunganisha watu wasiohusiana. Ukianza na mahali, kila mtu anasimama kwake. Kadi zikapangwa juu ya ramani ya dunia. Kwa gharama, manila, gundi, kalamu za rangi na vifurushi vya intaneti, sidhani kama ilifika elfu thelathini.

Lakini ufunguo wenyewe niliupata kanisani. Padri alikuwa anasoma habari za Haruni kuwekwa kuwa kuhani, nami nikasikia lile neno kana kwamba ni mara ya kwanza. Kuhani. Kohen! Kwa Kiebrania kohen ni kuhani. Kiarabu kina kahin, na sisi tumelipata kwa Waarabu. Nilikuwa nimepekua vitabu vya Kiingereza wiki nzima, na huko neno lao, priest, halifanani hata kidogo na Cohen, wakati Biblia yangu ya Kiswahili ilikuwa na jibu waziwazi. Ukihangaika na jina la Kiebrania, jaribu kwanza kulitamka polepole ukiwaza Kiswahili chetu chenye asili ya Kiarabu. Ben ni bin. Zamani Myahudi aliitwa fulani ben fulani, na kama alikuwa wa uzao wa Haruni upande wa baba, waliongeza ha-Kohen, yaani yule kuhani. Ilikuwa heshima, haikuwa jina la ukoo.

Mwaka 1787 Kaisari Joseph II wa Austria akaamuru Wayahudi wa himaya yake wachukue majina ya ukoo ya kudumu, na Napoleon akafanya hivyo Ufaransa mwaka 1808. Ile heshima ikaganda kuwa jina katika nyumba nyingi ambazo hazijawahi kukutana. Darasani nililieleza kwa Khatib. Zanzibar kuna akina Khatib wengi, jina limetokana na mtoa hotuba msikitini, na hakuna anayedai wote ni wa nyumba moja.

Na makuhani wengine hawaitwi Cohen kabisa. Katz ni herufi za kwanza za kohen tzedek, kuhani wa haki. Kirusi hakina sauti ya h, kwa hiyo huko limekuwa Kogan na Kagan. Jaji Elena Kagan yuko Mahakama ya Juu ya Marekani tangu 2010. Kahn pia limo, ila hapo uwe mwangalifu: Louis Kahn, msanifu wa jengo la Bunge la Bangladesh pale Dhaka, alizaliwa na jina la ukoo Schmuilowsky. Kahn lilikuja baada ya familia kuhamia Marekani.

Kadi niipendayo ni ya Claude Cohen-Tannoudji, Mwafrika mwenzetu kwa kuzaliwa, Constantine, Algeria, 1933. Alipata Nobel ya fizikia mwaka 1997 kwa kupunguza mwendo wa atomu kwa mwanga wa leza. Mwenyewe ameeleza kwamba jina lake maana yake ni Cohen wa Tangier tu, na kwamba wazee wake walikimbia Hispania. Jina lake lenyewe ni ramani.

Siku ya chemsha bongo niliwaonyesha picha ya jiwe la kaburi la kuhani: mikono miwili imechongwa, dole gumba linakaribia dole gumba, vidole vinne vimeachana viwili viwili. Ndivyo makuhani wanavyoinua mikono kubariki kwa maneno ya Hesabu 6, "BWANA akubarikie, na kukulinda." Darasa zima likajaribu, wengine wakishikilia vidole kwa mkono wa pili. Nikawaambia mwaka 2009, akiwa na miaka 75, Leonard Cohen alimaliza onyesho lake Ramat Gan kwa kuinua mikono vilevile na kubariki umati kwa Kiebrania.

Yule binti nikampa jibu lake. Leonard alizaliwa Montreal 1934, mjukuu wa Lyon Cohen aliyekuwa rais wa kwanza wa Baraza la Wayahudi wa Kanada mwaka 1919. Gavana alizaliwa Uingereza 1909. Jina moja, nyumba mbili. Ndugu wa kweli kwenye kadi zangu ni wawili tu: mchekeshaji Sacha Baron Cohen na profesa wa usonji wa Cambridge, Simon Baron-Cohen, baba zao walizaliwa tumbo moja.

Kadi nimezitia kwenye boksi la viatu, mwalimu anayezitaka aje. Sasa nimeanza Levi. Rita Levi-Montalcini ndiye aliyegawana Nobel ya 1986 na Stanley wa Brooklyn, Mlawi na kuhani jukwaa moja. Alizaliwa Turin, 1909. Mwandishi Primo Levi naye Turin, 1919. Kadi zao mbili zimebanana juu ya nukta moja ya ramani, nami mti sijauchora.