Karatasi Namba 4 na Namba 9

Kanga ina pindo pembeni, mji katikati na jina, yaani maneno yake. Anayejifunga anazijua kwa macho, anayeichora anazijua kwa sentimita. Juni 2017 sentimita moja na nusu ilininyang'anya picha mbili kati ya kumi na moja nilizokuwa nizitundike ukutani, na hesabu yenyewe ilikuwa ya darasa la tano.

Mteja alikuwa kampuni ya kubangua korosho. Walitaka doti 1,200 za kugawa kwenye banda lao la Saba Saba, Barabara ya Kilwa. Waliniita kwa sababu walikuwa wameona mchoro wangu mmoja wa mkorosho. Mchoro huo haukuwa wa kazi, ulikuwa wangu. Ulikuwa mmoja wa karatasi 11 nilizochora Newala msimu wa 2016 kwa wino mweusi usioyeyuka kwa maji, karatasi ya pamba ya gramu 300, sentimita 38 kwa 56, kila moja na namba yake nyuma kwa penseli. Shati nililovaa safari ile bado ninalo. Maji ya bibo yakishaingia kwenye kitambaa hayatoki, ufue utakavyofua. Karatasi zilikuwa zimeshapata ukumbi wa maonyesho Msasani, ufunguzi Jumamosi tarehe 1 Julai. Kwa hiyo kazi mbili zikakimbizana mwezi mmoja, kanga ikiingiza pesa na ukuta ukizitoa.

Zilitoka hivi. Ubunifu wa kanga ulikuwa shilingi 1,800,000, nusu mbele. Kampuni ilikata kodi ya zuio asilimia 5, hivyo awamu ya kwanza niliyopokea ni 855,000. Cheti cha ile 45,000 nilikidai siku hiyo hiyo, maana ukingoja mwisho wa mwaka utakuta mhasibu ameshahama. Fundi fremu alitaka 65,000 kwa moja, na fremu 11 ni 715,000. Upande wa ukumbi, kamisheni ilikuwa asilimia 40. Picha ya 350,000 ikiuzwa, ukumbi unachukua 140,000, fremu imeshakula 65,000, kwako inabaki 145,000. Bila kanga ile, mikorosho yangu ingebaki kwenye droo.

Makubaliano niliyaandika mwenyewe, kurasa mbili na Kiambatisho A chenye vijipicha vya michoro iliyomo. Matumizi: kanga na mabango ya banda. Eneo: Tanzania. Muda: miaka 2. Karatasi halisi zinabaki kwa mchoraji. Katika miaka hiyo miwili mchoro uliotumika kwenye kanga ya mwisho hautaonyeshwa wala kuuzwa pengine. Sentensi hiyo ya mwisho niliiweka ili mteja alale usingizi. Kiambatisho kilikuwa na michoro mitatu mipya niliyowachorea wao, na karatasi zangu 11 hazikuwemo hata moja.

Sasa kanga yenyewe. Kitambaa ni sentimita 150 kwa 110. Nilipanga pindo la sentimita 18 kwenye pande fupi na 14 kwenye pande ndefu, hivyo mji ukabaki 114 kwa 82. Katikati ya mji niliweka korosho ile ya kanga, tone lililopinda shingo ambalo bibi zetu wanalijua, kubwa, moja tu. Korosho halisi, na bibo lake juu na mbegu ikining'inia chini, niliipeleka kwenye pindo, kwenye matawi.

Pindo hurudiwa, na kipande kinachorudiwa lazima kigawe urefu bila baki. Urefu wa 114 ukigawa kwa 6 unapata vipande vya sentimita 19, safi. Nikachora tawi la sentimita 19, nikapeleka skani, mteja akalipenda, nikahamia kazi nyingine. Usiku wa kufunga faili ndipo nikageukia pande fupi. Sentimita 82 haigawanyiki kwa 19. Vinaingia vipande vinne, zinabaki 6. Ukigawa 82 kwa 4 unapata 20.5.

Kompyuta itakuvutia tawi kutoka 19 hadi 20.5 kwa kubofya mara moja, na huo ndio mtego. Mistari inanenepa upande mmoja, bibo linakuwa viazi, na kona ambapo pindo mbili zinakutana zinaonyesha unene mbili tofauti. Dawa ni kuchora kipande cha pili kwa kipimo chake tangu mwanzo, na kona nne zichorwe peke yake, zisitokane na kukata tawi. Au upange mji kwanza: ungekuwa 114 kwa 76, kipande cha 19 kingeingia pande zote, 6 kwa 4. Pindo la pande ndefu lingekuwa sentimita 17 badala ya 14, na hakuna ambaye angelalamika. Niligundua hilo wiki moja baadaye, nikiwa nimekaa kwenye daladala.

Usiku ule kiwanda kilitaka faili asubuhi, kwa sababu sikukuu ya Idi ilikuwa inaangukia wiki ya mwisho wa mwezi na mafundi wangefunga. Nikafungua droo. Karatasi namba 4 ilikuwa na tawi lenye mabibo matatu, namba 9 tawi lenye maua na mbegu changa, urefu karibu sawasawa na nilioutaka. Nikazipiga skani kwa nukta 600 kwa inchi, nikaziunganisha, nikasafisha, nikatuma. Saa tisa usiku nililala nikijiona mjanja.

Kuzisafisha nako kulikuwa kazi. Kalamu yangu ya karatasini inatoa mstari wa milimita 0.3. Kitambaa cha pamba hakiwezi hilo. Rangi inasambaa ndani ya nyuzi, na kiwanda kilisema chochote chembamba kuliko milimita 1 ama kitakatika ama kitajaa. Nafasi nyeupe kati ya mistari miwili nayo iwe 1.5 au zaidi. Kwa hiyo vivuli vyote vya mistari vilitoka, vikabaki vidokezi vya nukta. Kila rangi ina skrini yake, yaani wavu wa kuchapia. Zilikuwa tatu, njano kwanza, halafu damu ya mzee, nyeusi mwisho. Mpangilio huo si wa urembo. Kitambaa kinavutika kati ya skrini na skrini, kwa hiyo rangi jirani zinapandana milimita 1.5, na nyeusi ikija mwisho inafunika maungio. Ukianza na nyeusi, maungio yote yataonekana kama mshono wa fundi mwanafunzi.

Kabla ya hapo tulikuwa tumeshapigana vita vya nembo. Dada wa masoko alitaka nembo ya kampuni katikati ya mji, kipenyo cha sentimita 40. Sikubishana. Nilichapa nembo kwenye karatasi, nikaibana kwa pini kwenye kanga nyeupe, nikamwomba dada wa mapokezi ajifunge kiunoni, atembee mpaka mlangoni na kurudi. Mkurugenzi alikuwepo. Nembo ilikwenda ikikalia palepale inapokalia, ikipanda na kushuka.

"Itoeni hapo," akasema mzee, na mkutano ukaisha.

Ikahamia pembe mbili, sentimita 6.

Jina lilichukua siku nyingi zaidi. Wao walikuja na sentensi ya tangazo kuhusu afya na familia. Nilikwenda Mtaa wa Uhuru na rasimu mbili, nikamwonyesha mama mmoja anayeuza kwa jumla. Aliisoma ya tangazo, akaikunja, akanirudishia. "Hii mwanangu ni ya kudekia." Ya pili ilikuwa GANDA LACHOMA, UTAMU UMO NDANI. Anayebangua korosho anajua mafuta ya ganda yanavyochubua vidole, na asiyebangua atajua mwenyewe anamwimbia nani. Mama alicheka, akamwita mwenzake wa duka la pili aje asome. Kampuni ilikubali, lakini siku mbili baada ya skrini kutengenezwa. Jina liko kwenye nyeusi, na kubadilisha herufi moja ya nyeusi ni kutengeneza upya skrini nzima ya nyeusi, pamoja na mistari yote ya pindo. Gharama ilikuwa yao kwa sababu kwenye makubaliano kulikuwa na tarehe ya kufunga maneno.

Sampuli ilifika tarehe 20 Juni. Nilikata pembe ya sentimita 10, nikaifua kwa sabuni ya mche, nikaianika juu ya kitambaa cheupe. Damu ya mzee iliacha kivuli cha waridi, kidogo, cha kuvumilika. Kanga nzima niliiloweka pia. Wanga ulipotoka, 150 ikawa 146. Hilo ni la kawaida, ila mduara wa kwenye karatasi unakuwa yai kwenye kamba ya nguo, basi usitegemee miduara kamili.

Alhamisi tarehe 29 nilikuwa ukumbini na nyundo. Ukuta ulikuwa na mita 9.6. Kila fremu ina upana wa sentimita 62: karatasi 38, pambizo la kadibodi 10 kila upande, mbao 2 kila upande. Kimo ni 80. Fremu 11 ni 682, inabaki 278, gawa kwa nafasi 12, unapata 23 na kidogo. Kitovu cha picha nilikiweka sentimita 150 kutoka sakafuni. Msumari hauendi 150, ni kosa la kila anayetundika mara ya kwanza. Unachukua 150, unaongeza nusu ya kimo, 40, unatoa umbali kutoka juu ya fremu hadi waya ukivutwa, ambao kwangu ulikuwa 6. Msumari unakaa 184. Misumari yote 11 ilikuwa imeshaingia, picha saba ziko juu, simu ikalia.

"Kaka, shikamoo. Nimepata kadi yako ya mwaliko." Dada wa masoko, sauti ya adabu sana. "Hili tawi la kwenye kadi si ndilo la pindo letu?"

Lilikuwa lenyewe. Kadi 150 zilikuwa zimeshagawiwa zikiwa na namba 9 mbele. Nikamweleza kwamba ni mchoro wa 2016, wa kwangu, haumo kwenye Kiambatisho A. Akanisomea sentensi yangu mwenyewe: mchoro uliotumika kwenye kanga ya mwisho. Uliotumika. Siyo ulioorodheshwa. Hakuwa na ubaya, alitoa na njia: picha zote zibaki, ila jina la kampuni liwekwe ukutani kama mdhamini. Kwa bango la sentimita 30 ningeokoa picha mbili. Lakini ukuta wenye jina la kampuni ya korosho na picha 11 za mikorosho ni banda la Saba Saba lililohamia Msasani, na kila bei niliyoandika chini ya fremu ingesomeka kama tangazo. Nikasema nitazishusha.

Kushusha mbili si kuacha mapengo mawili. Fremu 9 ni 558. Ukigawa kilichobaki sawasawa unapata nafasi za sentimita 40, na picha zinaanza kuonekana kama abiria wasiojuana. Nikabakiza ile 23 baina ya fremu, jumla 742, na nyeupe yote nikaisukuma kwenye ncha, 109 kila upande. Misumari tisa ya katikati ilibaki palepale, miwili ya ncha nikaing'oa. Matundu mawili niliyaziba na plasta, nikasubiri yakauke, nikapitisha msasa, halafu rangi kwa rola na si kwa brashi, maana ukuta uliopakwa kwa rola ukiugusa na brashi, alama inaonekana taa zikiwashwa. Nilimaliza Ijumaa saa nne usiku. Jumamosi watu watatu walikuja na kadi mkononi wakiuliza picha ya mbele iko wapi.

Leseni iliisha katikati ya 2019. Namba 4 iliuzwa mwaka huo huo, pamoja na fremu yake ya zamani. Namba 9 niliitoa kwenye fremu nikitaka kuibadilishia kioo, nikaifunga kwa muda na karatasi ya kaki iliyokuwa mezani. Kaki ina asidi na Dar ina unyevu. Nilipoikumbuka, kona ya chini kulia ilikuwa imeota madoa ya kahawia, manne, pale pale mbegu changa inapoanza kujikunja.